Cha Zamani Kwanza

Katika nyumba ya Wachuka kule mtaani Skuta hakuna mtu aliyewahi kula mkate wa leo. Mkate wa leo ulinunuliwa, ndiyo, lakini ulipelekwa stoo ukae nyuma ya ule wa juzi, na mezani ukaletwa ule wa juzi. Zamu ya huo mpya ilipofika, nao ulikuwa umeshakuwa wa juzi. Mumewe Gikonyo alimweleza jambo hili kwa miaka na miaka, kwa upole na kwa kicheko, hata akamchorea kwa kidole juu ya meza.

"Ona, Mama Shiku. Hii mkate ya zamani tupee kuku leo, mara moja tu. Kesho tunaanza na mpya, na hatutarudi nyuma tena."

Wachuka alimtazama kana kwamba amesema wachome nyumba. Kuku wapewe mkate! Akakata vipande vya ule mgumu, akavipasha moto juu ya jiko, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: cha zamani kwanza, kipya kingoje siku mbaya. Na kipya kilingoja kweli. Chumba kilichokuwa cha binti yao Shiku kilikuwa sasa stoo, na Shiku mwenyewe, aliyekuwa mwalimu Murang'a, akija nyumbani alilala kwenye kochi. Mle ndani mlikuwa na magunia ya mahindi na ya maharagwe yaliyochanganywa na jivu yasiliwe na wadudu. Mlikuwa na viazi gizani, chini ya magunia matupu, na mboga za managu zilizokaushwa kwenye mifuko ya karatasi. Mlikuwa na jemu ya matunda damu, na chupa za achari ya maembe aliyofundishwa na Indira, mke wa Hasmukh mwenye duka mjini. Sabuni alipika mwenyewe. Mishumaa alimimina mwenyewe, kwa nta ya nyuki wa mumewe. Wanawake wengine jioni hutazama vipindi vya televisheni. Wachuka alifuma soksi, na soksi nazo zikaenda stoo, naye akazidi kuvaa zile zenye viraka.

Gikonyo alikuwa fundi wa mabomba. Alimjengea matangi ya maji ya mvua, akamtengenezea vichanja vya kukaushia mboga, na nyuma ya nyumba akaweka mizinga yake. Watu walipomuuliza kazi yote hiyo ni ya nini alicheka. "Mimi nimeoa Nuhu," alisema. "Safina ndiyo hii. Kile imebaki ni mvua."

Usimcheke Wachuka haraka, lakini. Mtu hazaliwi akiogopa. Mwaka ule wa themanini na nne, mvua ilipokosa kabisa, alikuwa msichana mdogo upande ule mkavu wa Kieni, mbele ya Mweiga. Walikula kilichokuwepo mpaka kikaisha. Ndipo mama yake akashusha kibuyu cha mbegu kutoka darini. Yalikuwa maharagwe yaliyochaguliwa moja moja, makubwa, yasiyo na doa, maana mbegu haichaguliwi vivi hivi. Akayachemsha. Wachuka alimwona mama yake akikoroga sufuria na kulia, na hakuelewa kwa nini mtu alie siku chakula kimepatikana. Alielewa mvua ilipokuja, majirani wakapanda, na wao wakasimama shambani na majembe bila cha kutia ardhini. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kitu kizuri hakiliwi. Kitu kizuri kinawekwa.

Na ulimwengu, kwa uchokozi wake, ukampa haki. Korona ilipokuja, njia zikafungwa na kazi zikakauka, majirani waliokuwa wakimcheka walibisha mlango wakiwa na bakuli. Hakumnyima mtu. Waweru wa nyumba ya pili, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alibeba unga, maharagwe na sabuni, akasema mbele ya watu, "Kweli akiba haiozi." Wachuka alitembea siku nyingi akiwa ameinua kichwa. Aliwapa mabunda ya zamani, bila shaka. Mapya yaliachwa pale pale, maana nani alijua kama hiyo ndiyo siku mbaya yenyewe ama ilikuwa mtangulizi wake tu?

Basi siku mbaya ilipofika, haikubisha mlango. Ilianza na Gikonyo kunywa maji kila baada ya tonge.

Alisema ni githeri, mahindi na maharagwe yale, imekauka. Halafu ikawa ni nyama ngumu, halafu ni baridi. Alipoanza kuacha chakula sahanini, yeye ambaye kwa adabu ya nyumba ile alikuwa akilamba hata mwiko, Wachuka alimshika mkono akampeleka hospitali. Wakampima, wakawaambia warudi, wakarudi. Ilikuwa saratani ya koo, na ilikuwa imekaa humo muda mrefu bila kusema neno. Daktari, msichana wa umri wa Shiku, aliongea nao polepole. Alieleza kuhusu dawa za kupunguza maumivu na kuhusu mpira unaoweza kupitishwa tumboni. Kisha akasema, "Kwa sasa mpe kile anapenda, mama. Wakati njia bado iko wazi."

Wachuka alisikia kila neno. Kosa lake ni kwamba aliyasikia kama Wachuka. Msichana yule aliposema "wakati njia bado iko wazi", yeye alisikia onyo la ukame, na kwenye ukame mtu hutayarisha. Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwa Hasmukh akinunua unga wa uji wa mtama na wa wimbi, maziwa ya kopo, glukosi, na chupa kubwa za kuhifadhia supu.

Hasmukh alikuwa na mazoea ya kumtania. Tangu Indira alipofariki, Wachuka alikuwa mmoja wa wateja wachache waliokaa kwenye kile kiti kilicho kando ya kaunta. "Mama Shiku, vita inaanza lini?" angeuliza. "Niambie, na mimi nifunge duka."

Siku hiyo aliangalia vile vitu juu ya kaunta, akaona ni vyakula vya mgonjwa, na utani ukamwishia mdomoni. "Ni nani?" aliuliza.

"Ni Baba Shiku. Lakini atapona. Nataka akianza kupona apate kila kitu iko tayari."

"Anakula sasa?"

"Anakula kidogo."

Hasmukh alifunga mzigo kwa kamba, akarudia fundo mara mbili bila sababu. "Akiweza kula leo, mpe leo," alisema. Wachuka akamshukuru, akabeba mzigo wake, akaenda nao nyumbani moja kwa moja hadi stoo.

Mwisho wa mwezi ule ndugu yake Theuri, aliyelima Mweiga, alikuja kumwona mgonjwa. Alibeba gunia la viazi vipya ambavyo ngozi yake ilitoka kwa kusuguliwa na kidole tu, mahindi mabichi, na mfuko wa minji, njegere mbichi zilizochumwa alfajiri, bado zina umande. "Shemeji, hii ni ya mukimo," alimwambia Gikonyo. "Imetoka kwa shamba leo asubuhi. Usingoje."

Gikonyo alikuwa amekaa nje kwenye kiti kando ya ukuta, palipopiga jua, amevaa sweta aliyofumiwa na mkewe. Macho yake yaling'aa. Alitia mkono kwenye mfuko wa minji, akafungua ganda moja kwa kidole gumba, akazitazama zile minji za kijani zilizojipanga humo, akatia moja mdomoni. Akaitafuna kwa muda mrefu sana. Akaimeza. Theuri na Wachuka wote walimtazama akiimeza.

"Ni tamu kama sukari," alisema.

Theuri alipoondoka, Wachuka alikaa kwenye kigoda na beseni, akaanza kumenya minji. Gikonyo alidhani anatayarisha chakula. Alisikiliza minji zikilia ndani ya beseni, akawa anaongea juu ya mukimo wa mama yake, jinsi ulivyokuwa ukipondwa na kutiwa majani ya malenge mpaka ukawa wa kijani kabisa. Kisha akamwona mkewe akiinuka na beseni, anaelekea kwenye vichanja. Alizimwaga zile minji, akazitandaza kwa kiganja, taratibu, zisipandane. Mahindi mabichi akayaambua maganda na kuyapanga kando yake yakauke.

"Mama Shiku," alisema Gikonyo. "Hizo si ungenipikia leo?"

"Hizi ni za ukipona. Leo niko na zingine za mwaka jana, nimeloweka tayari."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alisema kwa kicheko, kama alivyosema kila kitu, naye Wachuka akacheka pia. Akamfunika magoti na shuka ili upepo wa mlimani usimpige, akaingia jikoni. Alimpenda mume huyu. Kama kuna anayedhani hakumpenda, basi hadithi hii hajaisikia. Kila minji aliyoitandaza juani aliitandaza kwa ajili yake. Alikuwa ameshamwona, akiwa amenona tena, akila mukimo huo mwezi wa kumi na mbili, Shiku yupo, Theuri yupo, na watu wanacheka.

Usiku ule wakala mukimo wa viazi vilivyokunjamana, vilivyokatwa chipukizi, na minji za mwaka jana ambazo ngozi yake hailaini hata ukizichemsha kutwa. Gikonyo alimeza vijiko viwili. Cha tatu kilikwama. Alikohoa mpaka akainama, na Wachuka akampiga mgongo, akamshika paji la uso, akampa maji. Alisema ni ugonjwa. Hakusema ni ngozi ya minji, na Gikonyo naye hakusema.

Baada ya hapo ikawa uji. Uji nao ulitoka kwenye unga wa zamani kwanza, maana ule wa kwa Hasmukh ulikuwa mpya.

Shiku alipokuja Jumamosi alimkuta baba yake amekuwa mdogo ndani ya sweta. Alimsalimia, akamshika mkono, akaongea naye mambo ya shule mpaka akasinzia. Kisha akachukua kikombe cha uji kilichobaki, akakinusa, akaenda nacho hadi stoo, ambako mama yake alikuwa akitia mkebeni mahindi makavu yaliyotoka kwenye kichanja.

"Mami, hii unga ni ya lini?"

"Haijaharibika."

"Sijauliza kama imeharibika." Shiku alitazama rafu zile, chupa zile, minji zile zilizokunjamana sasa ndani ya chupa safi yenye karatasi iliyoandikwa mwezi na mwaka. "Uncle Theuri aliniambia alileta minji. Alisema Baba alikula moja akafurahi. Ni hizi?"

"Ni za akipona."

"Mami, hii siku mbaya unangojea ni gani?"

"Usiniinulie sauti, Shiku. Wakati wa korona nani alikulisha? Si ni hii stoo?"

"Ni hii stoo. Na nilishukuru." Shiku alikuwa akilia sasa. "Lakini siku mbaya ishafika. Iko hapo nje, imekaa kwa kiti. Baba anakufa, Mami."

Hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo katika nyumba ile. Daktari alilizunguka, Theuri alilizunguka, wachungaji waliokuja kuomba walilizunguka. Wachuka alimtazama mtoto wake kwa hasira ambayo hakuwahi kujua anayo.

"Nikimpikia sasa," alisema, "akipona atakula nini?"

Mara tu maneno hayo yalipomtoka aliyasikia. Yalikuwa maneno ya mtu mwoga. Alikuwa akijua tangu siku ile kwa daktari. Alijua jinsi watu wote wanavyojua. Kupika zile minji kungekuwa kukubali kwamba hakuna mwezi wa kumi na mbili. Mradi zipo kwenye chupa, zina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kuzila. Aliketi juu ya gunia la maharagwe, akajifunika uso kwa leso ya kichwani, akalia kama alivyolia mama yake juu ya sufuria, ila mama yake alilia kwa sababu ya kupika. Shiku aliweka kikombe chini, akaketi kando yake.

Kulipokucha Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda Mweiga. Minji zilizokauka haziwezi kurudi kuwa mbichi hata ukiziombea, kwa hiyo alitaka zingine. Alimkuta Theuri zizini, akamwambia anachotaka kabla hata ya salamu, jambo ambalo si la kawaida yake.

Theuri alikuna kichwa. "Minji nilimaliza kuchuma wiki iliyopita, dada. Kile imebaki imekomaa, ni ya mbegu."

"Hakuna hata kidogo?"

Walishuka pamoja hadi chini kabisa ya shamba, kando ya mfereji, penye unyevu, ambako mimea michache ilichelewa. Wachuka alipiga magoti kwenye matope akiwa na sketi yake ya Jumapili, akachuma ganda moja moja, akibagua yaliyo laini. Theuri alimchimbia viazi hapo hapo, akamtafutia mahindi mawili ambayo bado yalitoa maziwa ukiyabinya, na majani ya malenge. Vyote vilitoshea kwenye kiondo kidogo. Njiani kurudi alikikumbatia kifuani, na mara kwa mara alitia mkono kuvigusa, akihesabu mapishi kichwani: kwanza mahindi, halafu viazi, minji mwisho zisiive sana, kisha ataponda mpaka iwe laini kama ya mtoto, atatia maziwa, atatia siagi, itateleza yenyewe.

Shiku alimpokea mlangoni. Uso wake ulitosha kueleza, lakini alieleza. "Tangu umetoka, hata maji inarudi. Nimejaribu na kijiko. Nimejaribu kumlowesha tu midomo. Nimepigia hospitali, wamesema tumlete kesho asubuhi, waone kama ile mpira itapita."

Wachuka alisimama na kiondo chake. Kisha akampita binti yake, akaingia jikoni, akawasha moto. Shiku akachukua kisu, akaanza kumenya viazi.

Walipika bila haraka, kama watu wanaopikia wageni. Harufu ilijaa nyumba nzima, ikatoka nje. Wachuka aliponda, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi tu, akaponda tena. Alipopakua, mukimo ulikuwa wa kijani kabisa. Hapo ndipo alipokosa la kufanya. Alisimama katikati ya jikoni na sahani mkononi, mvuke ukimpanda usoni, na hakujua aipeleke wapi.

"Leta," Gikonyo aliita kutoka sebuleni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini waliisikia. "Nimesikia harufu. Leta hapa."

"Baba, hutaweza," Shiku alisema.

"Sikuli. Leta tu niione."

Wachuka akaipeleka. Aliketi kwenye kigoda mbele ya kiti chake, akamshikia sahani karibu na uso. Gikonyo aliinama akavuta harufu, macho yamefumbwa, akakaa hivyo. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, ila alikuwa akitabasamu.

"Umetia majani ya malenge."

"Nimetia."

"Basi kula."

"Nini?"

"Kula wewe. Nikuone."

"Baba Shiku, siwezi. Hii ilikuwa yako. Nisamehe. Ilikuwa yako na mimi nika—"

"Wachuka." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shiku alipozaliwa. Aliweka mkono wake juu ya ule wa mkewe uliokuwa umeshika kijiko, na mkono huo haukuwa na uzito hata kidogo. "Si mimi tu. Hata wewe hujawahi kula kitu mpya kwa hii nyumba. Ulikuwa unatuwekea sisi, wewe unakula mabaki yetu. Nilikuwa naona. Sasa kula, kama bado iko moto."

Wachuka akachota kidogo. Akakitia mdomoni. Alitaka sana kiwe kibaya; aliomba Mungu kiwe na uchungu, kiwe na moshi, kiwe kimeungua chini. Viazi viliyeyuka. Minji zilipasuka kwenye meno zikatoa utamu, na mahindi yakatoa maziwa yake, na hakuwahi kula chakula kama hicho tangu akiwa msichana mdogo.

"Ni tamu?" Gikonyo aliuliza.

Alikuwa ameinama mbele, anamtazama mdomo kama mtoto anayemtazama mwenzake akila peremende. Wachuka alitafuta uongo na hakuupata.

"Ni tamu," alisema. "Ni tamu sana."

"Kula yote basi. Usiweke."

Akala yote. Alikula kijiko baada ya kijiko, machozi yakidondoka sahanini na kuliwa pamoja na chakula, na Shiku amesimama mlangoni amejiziba mdomo. Na kila alipomeza, aliona koo la mumewe likipanda na kushuka, likijaribu kumeza pamoja naye.